Mechi Iliyomngoja Salvator

Moto uliporudi Alhamisi ile, baada ya sala ya alasiri, Bwiza nzima, mtaa wetu, ilipiga kelele za furaha, na mimi nilipiga nao. Kwetu Bujumbura umeme tunauita moto. Ulikuwa umekatika tangu Jumatano asubuhi. Nilikuwa uani nafua. Taa ya barazani ikawaka, redio ya jirani ikadakia katikati ya wimbo, watoto wa njia nzima wakaanza, "Moto imerudi! Moto imerudi!" Nikarusha povu juu, mimi mwanamke wa miaka ishirini na tisa.

Povu lilikuwa halijakauka mikononi Hamoud alipoingia. Hamoud ana duka la vitambaa linalopakana na chumba alichofanyia kazi kaka yangu Twalibu, na tangu nimjue hajawahi kuingia kwetu bila kubisha hodi.

"Mama Twalibu," alimwambia mama yangu, "keti kwanza."

"Niketi kwa nini? Sema, Hamoud."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Ni Twalibu. Moto umemupiga."

Mama hakulia. Aliuliza tu, "Umemupiga, ao umemuua?"

Hamoud akatazama chini. Nikakumbuka kelele nilizopiga. Ilikuwa Mei 2004. Sijapiga kelele moto ukirudi tangu siku ile.

Waliokuja kutupa pole walimjua Twalibu kama fundi wa redio, mtu mpole, asiye na mke, anayeswali safu ya nyuma karibu na viatu. Hayo ni kweli, lakini si yote. Naandika yaliyobaki kwa sababu mama hajui kuandika, na mimi nilifika darasa la nne la sekondari kabla vita havijafunga shule yetu.

Mwaka 1991 mjomba wetu alirudi kutoka Dubai na mashine ya michezo, ya kijivu, yenye vishikio viwili vya kuchezea. Twalibu alikuwa na miaka ishirini. Aliiweka kwenye chumba cha mbele, akaiunganisha na televisheni kubwa ya mbao, na vijana wa Bwiza wakaanza kujazana. Kaseti waliyoipenda ilikuwa ya mpira. Ndani yake mna betri ndogo kama kifungo cha shati, inayotunza mashindano hata ukizima mashine. Unaandika jina lako, unacheza msimu mzima, unakuta pointi zako pale pale ulipoziacha.

Aliyecheza naye zaidi alikuwa Salvator, mtoto wa jirani, seremala. Walitukanana kutoka asubuhi mpaka magharibi, wakala kwenye sahani moja, wakarudi kutukanana. Mwanzoni mwa 1995 walikuwa wamefika mwisho wa msimu wao mrefu. Pointi sawa. Imebaki mechi moja, wao kwa wao.

Mwezi wa tatu watu wa kabila la Salvator walifukuzwa Bwiza kwa bunduki na petroli. Mama alimficha siku mbili chini ya kitanda chake. Siku ya tatu alitoka na kundi lililokimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Mlangoni alimwambia kaka, "Usiifute." Hakuna aliyeuliza ni nini.

Twalibu hakuifuta. Vijana walipotaka kuanza msimu mpya aliwaficha kaseti ile, akawapa nyingine, na hatimaye wakaacha kuja. Alibaki na redio zake. Lakini kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa na desturi moja. Anafunga mlango, anatandika mkeka, anaweka vishikio vyote viwili, kimoja mbele yake na kimoja upande wa Salvator, anawasha. Anatazama kama majina bado yapo, dakika moja hivi. Halafu anazima na kukunja mkeka. Nilimchungulia mara nyingi. Kile kishikio cha pili hakuna mtu mwingine aliyekigusa, hata mimi.

Mwaka 1999 televisheni ya mbao ilikufa. Alinunua nyingine, ya kisasa, nayo ikaikataa mashine: picha ilikuja bila rangi, ikapanda juu na kupanda juu bila kusimama. Akapewa ekrani, ile skrini ya kompyuta, iliyotupwa na ofisi moja ya mjini. Ile haikuonyesha kitu kabisa. Nilimuuliza shida iko wapi.

"Mashine inachora picha kwa mistari mia mbili na kidogo," alisema. "Ekrani inataka karibu mia tano. Haioni kitu hapo. Kama mutu mukubwa asiyesikia sauti ya mutoto."

"Sasa?"

"Sasa ninatafuta mwenye kumusemea kwa nguvu."

Ijumaa zote hizo aliwasha mashine bila kuona kitu. Alijua betri inachoka, na kwamba akiitoa ili aweke mpya, kila kitu kitafutika. Hilo ndilo lililomla kaka yangu miaka mitano: kama majina yale yatamfikia Salvator, au yatakufa mle ndani bila kuonekana.

Hamoud alikuwa na ndugu Dubai. Kupitia kwake kiliagizwa kisanduku kidogo cheusi kinachopokea mistari ya picha ya zamani, kinarudia kila mstari mara mbili, kisha kinaipeleka kwenye ekrani ya kompyuta. Kilichukua miezi saba. Kilipita Kigoma, kikavuka ziwa kati ya magunia ya chumvi, na siku kiliposhuka bandarini Twalibu alikwenda mwenyewe kwa miguu, akarudi amekikumbatia. Ekrani ile haina spika, kwa hiyo alivuta waya mpaka kwenye redio ya mama, ile tunayosikilizia matangazo ya vifo jioni. Akawasha. Uwanja ukawa kijani, umetulia. Ndani ya redio ya mama umati ukapiga kelele. Twalibu akashika kichwa. Majina yalikuwepo.

Wakati huo silaha zilikuwa zimepungua na watu walianza kurudi. Alipata namba ya simu ya duka moja la Uvira, akampata Salvator. Nilikuwa nimesimama karibu.

"We Salvator! Miaka tisa unakimbia mabao yangu!"

Sauti ilitoka nje ya simu hata mimi nikaisikia: "Apana! Mi nilikimbia mabomu. Mabao yako hayakimbizi hata kuku!"

"Kuja basi."

"Jumamosi ijayo. Mwambie mama apike maharage, nitakula fungu langu na lako."

Ilibaki kasoro moja. Ekrani ilikata picha upande wa kulia, na huko ndiko jina la Salvator lilikoandikwa. Lilionekana nusu. Nilimwambia, "Kaka, atajua tu ni jina lake." Alinijibu, "Mutu amefukuzwa nyumbani mwake, arudi akute jina lake limekatwa?" Akaipeleka ekrani kwenye chumba chake cha kazi, akaifungua kurekebisha upana wa picha.

Jumatano moto ukakatika akiwa katikati ya kazi. Bwiza moto ukikatika hatuchomoi kitu. Tunaacha swichi wazi na waya ukutani, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyojua umerudi. Kila nyumba inafanya hivyo, na yetu pia. Alhamisi alikuwa amemaliza, anarudisha ubao mdogo karibu na pale waya wa ukutani unapoingilia. Mkono wake ulikuwa ndani. Moto ukarudi, sisi tukashangilia.

Jioni jina lake lilisomwa redioni. Salvator alilisikia Uvira, na Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni kwetu, ndevu zina mvi, mfuko wa plastiki mkononi. Mama alimshika uso kwa mikono miwili.

"Mama, nimechelewa," alisema.

"Hukuchelewa. Ulisema Jumamosi."

Wanaume walikuwa uani wanamwosha Twalibu. Salvator akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile mechi bado ipo. Niliona haya, nyumba ni ya msiba. Lakini mama alisikia, akasema, "Sioni ubaya, mwonyeshe. Mwanangu amemungojea miaka tisa."

Hamoud alikuwa ameshaifunga ekrani kwa skrubu zake zote na kuirudisha chumba cha mbele. Niliwasha. Redio ilikuwa kwa mama, kwa hiyo hapakuwa na sauti yoyote. Picha ikaja. Kushoto TWALIBU, kulia SALVATOR, herufi zote, na nafasi ndogo imebaki pembeni. Pointi sawa. Mechi moja.

Salvator alikaa kwenye mkeka, upande wake. Akachukua kishikio chake, akakifuta vumbi kwa shati. Alikishika muda mrefu. Kile cha kaka kilikuwa pale, nami sikuthubutu kukitazama.

"Angenifunga," alisema. "Siku zote nilimudanganya, lakini angenifunga."

"Unataka kucheza?"

"Na nani, mudogo wangu?"

Akakirudisha chini, sambamba na kile kingine. "Tuache sawa kwa sawa," akasema, na akazima mwenyewe.

Kabla ya sanda kufungwa tuliitwa sisi wanawake wa nyumbani. Uso wa kaka ulikuwa safi, una harufu ya karafuu maiti. Mama alimsomea sikioni. Mimi nilimwomba Mungu amsamehe, na anisamehe kelele zangu.

Alisaliwa baada ya swala ya Ijumaa. Salvator si Mwislamu. Alisubiri nje ya geti la msikiti, viatu vyake mkononi ingawa hakuna aliyemwambia avue. Jeneza lilipotoka, Hamoud alimpisha pembe ya mbele kulia, naye akabeba mpaka kwenye kona ya barabara. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Tulisimama mlangoni mpaka tusiwaone tena.

Walirudi kabla ya alasiri, miguu ina udongo. Salvator aliniambia kaburi ni kavu na kaka amelazwa vizuri kuelekea kibla, na kwamba alimwaga udongo mara tatu kama wengine walivyofanya. Alikula maharage kidogo, akamuaga mama, akapanda gari la Uvira la saa kumi na moja.