Nyota Ambayo Tata Shefu Hakuiweka

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya wafanyakazi wa mgodi, pale Kolwezi, nilipewa kiti kibovu na kompyuta ya herufi za kijani. Mkuu wa ofisi, tuliyemwita Tata Shefu, alinitazama nikijaza asili ya mfanyakazi.

"Mama, usiandike jimbo tu," alisema. "Andika yote pa mustari moja: kijiji, teritware, jimbo. Mutu haiko neno moja."

Nilinung'unika moyoni, maana vidole vyangu vilikuwa vizito. Ndipo akanifundisha namna mbili za kutafuta. Ukitafuta kamili, mashine inataka mstari mzima ulingane na ulichoandika, herufi kwa herufi. Ukiweka nyota, nyota inashika nafasi ya maneno yoyote, na kila mstari wenye kipande ulichotaja unatoka. Namba ya kazi tuliitafuta kamili. Jina lililosahaulika nusu, kwa nyota.

Kisha ikaja miaka ya kufukuzana. Watu wa asili ya Kasai, eneo la jirani, walisukumwa hadi kituo cha treni na magodoro yao, wakiambiwa warudi kwao. Mimi nilizaliwa Kolwezi, lakini baba aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na mstari wangu ulisema hivyo.

Asubuhi moja mtu nisiyemjua aliingia bila hodi. "Shefu, tafuta bote ba Kasai. Toa listi sasa hivi."

Niliinamia karatasi zangu asinione uso. Tata Shefu akaandika KASAI, bila nyota, akabonyeza. Hakuna mstari wetu uliokuwa na neno hilo peke yake. Printa ikatoa karatasi tupu.

"Niliandika bile ulisema," akamwambia. "Mashine inasema hakuna mutu."

Yule akaikunja, akaondoka. Majirani hawakuhitaji kompyuta kunijua, na majuma machache baadaye nilipanda treni ya Kasai na wanangu. Lakini tulipata nafasi ya kufunga nguo, sufuria na vyeti vya shule. Wengine walitoka mikono mitupu. Namshukuru mzee yule hadi leo.

Sasa nimestaafu, na vijana wanaoweka nyota kila mahali huniuliza faida ya kutafuta kamili. Nawasimulia siku niliyorudi ofisini Kolwezi, miaka baadaye, nikasimama mlangoni nikiogopa kuuliza kama bado nina kazi. Tata Shefu, kichwa cheupe, aliandika namba yangu bila kuniuliza. Ukatoka mstari mmoja: jina langu, kijiji cha baba, na kwenye hali ya kazi, "konje", yaani likizo. Hakuwa amenifuta.

"Konje yako imeisha, Mama," alisema, akinivutia kiti. "Ikala. Kazi iko mingi."