Siku Bi Asya alipoteremka na sanda yake, ghorofani Mabawa

Wakuu, heshima kwenu nyote. Ninayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu, sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya uhaba wa kila kitu. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni juzi tu, nikiishi katika ghorofa moja pale Mabawa, Tanga. Niliamini kwamba kila jambo lina utaratibu wake, na anayeufuata hadhulumiwi.

Chini yangu aliishi Fundi Hamisi, mshona nguo. Juu yangu, Bi Asya, mama wa Kipemba.

Hawakuwa wakisemezana. Kisa? Nguo za Bi Asya zilidondosha maji kwenye roshani ya fundi. (Mimi wa katikati ndiye niliyepitishiwa kejeli zao.)

Asubuhi moja Fundi akafariki. Azikwe alasiri, na sanda hakuna. Bafta, kile kitambaa cheupe cha kuzikia, ilikuwa haionekani madukani. Ilitolewa kwa kibali.

Nikajitolea. Nikaandika barua kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nikaipeleka ofisini. Nikaambiwa mtia saini amekwenda Maramba.

Nikarudi mikono mitupu, adhuhuri imeshapita.

Shekhe akasema shuka safi latosha, dini si uzito. Ni kweli. Lakini mjane akalia:

"Kawavisha watu umri wake wote, leo aondoke na shuka la maua?"



Ndipo Bi Asya akateremka ngazi, kakumbatia furushi linalonukia karafuu. Ilikuwa sanda yake mwenyewe, aliyojiwekea miaka mingi, kama wafanyavyo wazee wetu wengi.

"Shikamoo Bi. Hii si yako?" nikauliza kama mpumbavu.

"Marahaba. Yangu. Ila yeye ana haraka, mie sina. Na huko aendako asinisengenye tena kwa maji yangu."

Mjane, katikati ya machozi, akacheka.

"Na siku yako je, Bi?" nikauliza tena.

"Ya mwanamke vipande vitano, ya mwanamume vitatu. Nimebakiwa na viwili. Vingine mtanitafutia. Kwani si nyinyi mtakaonizika?"

 Chuoni nilijibu mtihani mzima kuhusu udugu, nikafaulu. Kumbe nilikuwa sijawahi kuuona.

Fundi akazikwa alasiri ile ile, ndani ya nyeupe.

Miaka ikapita, biashara ikafunguliwa, bafta ikajaa madukani. Katika wiki moja, nyumba tatu za ghorofa lile tukampelekea Bi Asya kitambaa, bila kushauriana. Akatutazama mlangoni:

"Jamani, mwanitaka nife mara ngapi?"

Nilichojifunza: utaratibu ni mzuri, nami bado naufuata. Lakini siku ile haukutosha. Aliyetosha ni mtu aliyewaamini majirani zake hadi na maziko yake.

Najiuliza kama mimi ninaye jirani ninayemwamini kiasi hicho. 

Ninyi je, wakuu? Nani atawazika? Semeni bila kuoneana haya.