Mwano Ambao Melania Hakuuitikia

Hebu mwone anavyokuja. Ni saa nne asubuhi, mwezi wa sita, majani yameshakauka na upepo unaleta vumbi kutoka upande wa Mwakitolyo, kwenye mashimo ya dhahabu. Mbele wametangulia ng'ombe thelathini na kitu, wembamba kidogo lakini si wa kuhurumiwa. Nyuma yao yuko mwanamke mrefu, kanga kiunoni, koti la marehemu mumewe begani, fimbo mkononi. Anaelekea lambo. Mtazame vizuri anapolikaribia. Wanawake waliokuwa wanachota maji wanajitwisha ndoo, hata zile ambazo hazijajaa. Wachungaji wanapiga miluzi, wanaswaga mifugo yao kando. Hadi anapoweka mguu kwenye tope, lambo zima limebaki lake na ng'ombe wake.

Huyo ndiye Melania, Mama Ignas. Ana miaka hamsini na mitatu, na siku hiyo alikuwa ametimiza wiki ya saba bila mtu wa kijiji kumpa salamu ya "mwangaluka".

Usije ukadhani ni ugonjwa, wala si mambo ya uchawi. Alikuwa ametengwa. Huku kwetu, mwizi wa ng'ombe akionekana, aliyemwona anapiga mwano. Ni yowe, lakini yowe la kupokezana: nyumba hii inalisikia, inalipaza, nyumba ya pili inalipokea, mpaka kijiji kizima kiko mbugani na fimbo. Kila zizi lazima litoe mtu. Zizi lisilotoa mtu, mwenye zizi hasalimiwi, haazimwi moto, hasagiwi unga, mpaka atoe ng'ombe aliwe na wote na akiri kosa lake mbele ya mkutano wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Siku ile mwano ulipopigwa, kwa Melania hakutoka mtu.

Ilikuwa mwezi wa nne, saa tisa alasiri. Melania alikuwa amepiga magoti zizini, mkono wa kulia umezama hadi kiwikoni ndani ya ng'ombe wake mwekundu. Ndama alikuwa ametanguliza kichwa na mguu mmoja. Mguu wa pili umekunjwa nyuma. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua: ukiutoa mkono kabla hujaupata ule mguu, umempoteza ndama, na huenda na mama yake. Ndipo mwano ukalia upande wa kwa jirani yake Lusia. Akausikia vizuri kabisa. Akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia, "Nakuja, nakuja." Akaendelea kuutafuta mguu.

Alipoupata alivuta, ndama jike akatoka hai. Melania akashika fimbo, akakimbia na damu ya ng'ombe mkononi. Alikuta vumbi tu. Wezi walikuwa wamepita na ng'ombe watatu kwenye korongo lililo nyuma ya zizi lake mwenyewe, hata hatua mia mbili hazifiki. Angesimama langoni tu, angewaona. Ng'ombe hao hawajapatikana mpaka leo, na walikuwa wa nyumbani kwa Lusia, rafiki yake wa miaka ishirini.

Utauliza: tangu lini mwanamke anadaiwa kukimbiza wezi? Umeuliza vizuri. Mwanamke mwingine yeyote pale kijijini asingeulizwa kitu. Lakini Melania ni mwenye zizi. Mumewe alipofariki, miaka kumi na mitano iliyopita, mdogo wa marehemu, Theonest, alikuja na kamba kuchukua ng'ombe. Melania akakataa. Akaenda mkutanoni peke yake, akasimama katikati ya wanaume, akasema, "Hawa nimewachunga mimi, nimewazalisha mimi, nitabaki nao mimi." Walicheka. Walibishana siku mbili. Mwisho wakakubali ahesabiwe mwenye zizi kama wao. Miaka hii ya karibuni ng'ombe walipovalishwa hereni za serikali, ziliandikwa jina lake. Kwenye mkutano wa wafugaji anakaa, anasema, anasikilizwa. Na kwa kuwa mwanawe Ignas yuko Geita, anashuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kutafuta dhahabu, wa kuitikia mwano katika zizi lile ni Melania mwenyewe.

Wiki ya tatu ya kutengwa kwake, Theonest alikuja. Yeye tu ndiye aliyeruhusiwa kuongea naye, maana alitumwa na Mzee Mageni, mkuu wa sungusungu. Hakuketi.

"Shemeji, unajitesa bure. Maneno ni mawili tu. Nenda pale mkutanoni, sema, 'Mimi mwanamke.' Hawakutozi hata kuku."

"Halafu?"

"Halafu nini? Yameisha. Hereni tunaziandika jina langu, kwa sababu mwenye zizi lazima awe mtu wa kuitikia mwano. Wewe utaendelea kukamua kama kawaida."

"Kumbe mimi nibaki na chuchu, wewe ubaki na ng'ombe."

"Ah, shemeji nawe! Mwanaume gani anazalisha ng'ombe huku mwano unalia?"

"Yule asiyetaka ng'ombe wake afe. Nenda, Theonest. Waambie umenikuta, na nimekusikia."

Njia nyingine ilikuwa kutoa dume na kukiri. Hiyo nayo ilimkwama kooni. Ameokoa roho mbili zizini, akiri kosa gani? Basi akakaa hivyo hivyo, hakusema kuwa ni mwanamke, hakukiri kama mwenye zizi.

Siku zikawa ndefu. Mahindi aliyabeba kwa miguu mpaka mashine ya kijiji cha tatu, kwenda na kurudi ni nusu siku. Alianza kuongea na sufuria. Alipokwenda Shinyanga mjini kununua dawa ya kupe, mwenye duka, Gulnar, alimwambia kama anavyomwambia kila mteja, "Karibu Mama, za siku nyingi? Mifugo haijambo?" Melania akasimama pale dukani karibu saa nzima, anauliza bei ya vitu asivyovihitaji, mradi tu aendelee kujibiwa.

Ignas alipiga simu siku moja, nyuma yake mashine za kusaga mawe zinanguruma.

"Mama, si useme tu kuwa ni mwanamke? Kwani wewe ni nani?"

"Nikisema hivyo, ukirudi utawakuta ng'ombe ni wa baba yako mdogo."

"Sasa mimi nifanyeje? Nimejaa vumbi mpaka masikioni huku."

"Nawe ubaki na vumbi lako, mwanangu. Umekula?"

Simu ikakatika kabla hajasikia kama amekula.

Tumrudie pale lambo. Wanawake walikuwa wameondoka, lakini mmoja alichelewa makusudi. Lusia. Kumsalimia Melania hawezi, naye atatengwa. Akamgeukia yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anakunywa.

"We ng'ombe, mbona umekonda? Huyo anayekuchunga, hali chakula?"

Melania akamshika ng'ombe pembe. "Mwambie anakula. Ila hana wa kula naye."

"Na huyo ndama wako anaendeleaje? Maana ni ghali huyo, we ng'ombe. Alipozaliwa alimeza ng'ombe wangu watatu."

Melania alicheka. Hakupenda kucheka, lakini kicheko kilimtoka, na Lusia naye akageuza uso ili asionekane anacheka. Kisha sauti yake ikabadilika.

"We ng'ombe, mume wangu bado anakaa kwenye lango la zizi anatazama mahali walipokuwa. Hataki ng'ombe wa mtu. Anataka aje mtu amwambie tu, 'Nilikusikia ukiniita.'"

Akajitwisha ndoo, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata mkutano ulikaa kando ya godauni la pamba. Melania alikuja anavuta dume lake jeusi, lile lenye nundu kubwa. Alilipitisha katikati ya wanaume, akasimama mbele ya mume wa Lusia.

"Nilikusikia ukiniita," akasema. "Sikuja."

Theonest akadakia kutoka nyuma, "Sema basi yale maneno mawili, shemeji, dume lako lirudi nyumbani!"

Mzee Mageni akamnyamazisha kwa mkono. "Mama Ignas, unasema haya kama nani?"

"Kama mwenye zizi. Chinjeni."

Walichinja. Kabla nyama haijaiva, Mageni alimwambia "mwangaluka", na baada yake watu wakapanga foleni kumsalimia kama vile amerudi kutoka safari. Mume wa Lusia alimpa mkono, akaushikilia muda mrefu.

Ingeishia hapo ningefurahi. Lakini mwezi wa nane binti wa Lusia alikuwa analetewa mahari. Melania akaenda asubuhi na ungo wake, kuchambua mchele na wenzake kama zamani. Alipoingia jikoni, mtu aliyekuwa anasimulia jambo akalikatiza katikati. Lusia akatoka anajifuta mikono, amebeba kiti cha plastiki.

"Mama Ignas, huku moshi. Kakae kule na wenye ng'ombe."

"Nimekuja kuchambua mchele, Lusia."

"Najua, dada. Lakini ya jikoni ni ya jikoni. Na wewe pale godauni ulikataa kusema ni mwanamke, basi mahali pako ni kwa waume zetu." Akampapasa bega, wala hakuwa na ubaya wowote.

Alikaa pembeni mwa wanaume. Walimwamkia kwa heshima, wakaendelea kubishana juu ya ng'ombe wa mahari, migongo imemwelekea nusu. Kule jikoni vicheko vilipanda, vikashuka, vikapanda tena. Kabla ya chakula aliaga, akasema anawahi kukamua.

Ng'ombe ni wake, hereni zina jina lake, na njiani hakuna asiyemsalimia. Jioni anakula peke yake. Hebu niambie basi, wewe ungekuwa Melania, siku ile pale godauni, ungetoa dume au ungesema yale maneno mawili?