Ghorofa Niliyoibomoa kwa Kalamu

Ukitaka kunicheka, cheka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, na aliyevunjika miguu yu hai mpaka leo.

Nilikuwa na wiki mbili tu kazini, najifunza uthamini wa nyumba. Bosi wangu, Sudi, alinituma Kibokoni nikapime nyumba ya marehemu Bi Rukia. Walioirithi ni wajukuu zake wawili, mayatima wanaolelewa na shangazi yao Bondeni. Rafiki yake Sudi aliitaka nyumba ile kwa bei ya kutupa. "Chini pima sawasawa," akaniambia. "Juu andika pamebomoka. Kama huitaki kazi, wapo wanaoitaka." Nami nilikuwa naitaka, Mungu anisamehe.

Nikafungua kwa ufunguo wa ofisi. Sasa, tepu ya kupimia ukumbi yataka watu wawili, nami niko peke yangu. Mara akatoka bibi mmoja chumba cha ndani, kajitanda kanga, anachechemea. Nikadhani ni jirani. Akaishika ncha ya tepu bila kuombwa. "Vuta, mwanangu." Tukapima vyumba vyote vya chini.

"Na juu?" akauliza.

"Juu pamebomoka, bibi."

"Pamebomoka? Na mimi nalala wapi?"

Nikajifanya sikusikia, nikaandika. Akanisogelea, akausoma ule mstari polepole. "Umeandika wewe," akasema. "Basi na pabomoke." Akaiachia tepu. Ikanirudia mkononi kwa kasi, ncha yake yanuka kafuri, ile wanayotiwa maiti. Kuinua macho, hakuna mtu.

Nje, jirani aliyeketi barazani akaniuliza nilikuwa nasema na nani. Nikamweleza ile kanga na kule kuchechemea. "Huyo ni Bi Rukia mwenyewe," akasema. "Tumemzika Ijumaa."

Je, niliichana ripoti? Wapi! Nilimhadithia Sudi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaipiga muhuri.

Siku ya tatu akampeleka rafiki yake kuiona nyumba. Mimi nikabaki ukumbini. Nikamsikia Sudi huko juu akikanyaga sakafu kwa kishindo. "Waona? Haitikisiki!" Papo hapo akaanguka puu mbele yangu, miguu yote miwili imevunjika. Nikatazama juu. Jamani, boriti zote zimo mahali pake, hata vumbi halikudondoka! Na rafiki yake angali huko juu, auliza Sudi amekwenda wapi. Wallahi sikumhurumia hata kidogo. Nilisema moyoni, yamekupata.

Nilifurahi mapema. Niliandika ripoti mpya, ya kweli. Nyumba haikuuzwa, na wale watoto wamerudi kwao. Lakini mkono ulioandika uongo ulikuwa wangu, na bibi hakunisahau. Mpaka leo nikipanda ghorofa yoyote, hata ya zege, sakafu hulegea chini ya nyayo zangu na pua yangu hujaa kafuri. Kazi yenyewe imenishinda. Siku hizi nauza mitumba Makupa, chini, ardhini.

Nawe unayeanza kazi hii, bosi akikwambia uandike usichokiona, uliza kwanza nani analala humo. Mimi niliulizwa, nikajifanya sikusikia.