Nilivyomimina wine ya boksi kwenye chupa ya watu ili nimpendeze baba mkwe

Wakuu, habari za mihangaiko. Haya ninayoandika yamenitokea mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nimebadilisha majina tu, aibu nimeiacha kama ilivyo.

Mimi ni Mchagga, fundi friji hapa Joburg. Naishi Malvern, karibu na Jules Street. Nilikuja huku nikiwa mtu wa bia, ila kuna jirani alinionjesha wine nyekundu ya boksi, ile ya lita tano yenye kikoki pembeni. Nikanogewa.

Ikawa ndiyo starehe yangu. Natoka kazini, naoga, nafungulia kikoki kwenye kikombe cha chai, natia barafu mbili, nakula ugali wangu na maini. Raha tupu.

Tatizo likaja nilipoanza kuangalia video za wataalamu wa wine mtandaoni. Nikajifunza kuzungusha glasi na kunusa kabla ya kunywa. Nikaanza kusema maneno kama "tannins" na "finish" mbele ya watu wanaokula mahindi ya kuchoma. Washkaji walinivumilia sana, nawashukuru.

Sasa, nilikuwa na mchumba, Furaha, Mkongo wa Bukavu, msusi kule Joubert Park. Wazazi wake wako kwao, kwa hiyo mwenye kauli hapa ni baba yake mdogo, Mzee Bisimwa, fundi cherehani wa Hillbrow. Mtu mpole, anaongea kidogo, anakuangalia sana.

Furaha akaniambia, "Jumapili Baba mdogo anakuja kula kwako. Anataka kuona unaishi vipi. Baada ya hapo ndiyo atasema kama mje na wakubwa wako kujitambulisha rasmi au hapana."

Wakuu, nikaingiwa na kiwewe. Nikajiuliza, mzee wa watu nimkaribishe na boksi?

Nikakumbuka kuna chupa tupu niliichukua kwa mteja mmoja wa maana, kule nilikoenda kutengeneza friji. Chupa ya kijani kizito, lebo ina maandishi ya dhahabu. Niliipenda tu, nikaiweka kabatini kama pambo.

Jumapili asubuhi nikaiosha, nikachukua faneli, nikamimina wine yangu ya boksi mpaka shingoni. Nikarudishia kizibo. Nikarudi nyuma hatua mbili nikaitazama. Nikajiona mtu mwenye akili nyingi sana.

Mchana mzee akafika na Furaha. Kuku yupo mezani, ndizi zipo, chupa katikati. Nikatoa hotuba kuhusu zabibu na udongo wa milimani. Nikazungusha glasi. Nikanusa nimefumba macho kabisa.

Nilipofumbua, mzee alikuwa ameshika chupa, anasoma lebo taratibu.

"Mukwe, hapa banaandika nini?"

"Chenin blanc, mzee," nikajibu kwa kujiamini.

"Blanc ni nini?"

Ndugu zangu, mezani tulikuwa watatu, na asiyejua Kifaransa nilikuwa mimi peke yangu. Nikasema, "Ni aina ya zabibu, mzee. Ni adimu kidogo."

"Blanc ni nyeupe," akasema. Akainua glasi yake, nyekundu kama damu ya mbuzi. "Na hii?"

Mtu mwenye busara angekiri hapo hapo. Mimi nikasema, "Labda imekaa muda mrefu, mzee, ikaiva."

Furaha akajifunika uso na kitambaa cha mezani. Mabega yanatetemeka, ila sikujua kama ni kicheko au kilio.

Mzee hakucheka. Akaweka glasi chini. "Kama juu ya divai tu unanidanganya, juu ya mutoto yetu itakuwa je?"

Nikaenda jikoni, nikalibeba lile boksi, nikaliweka mezani mbele yake.

"Mzee, naomba radhi. Hii ndiyo ninayokunywa kila siku. Niliona haya."

Akafungulia kikoki mwenyewe, akaonja, akameza.

"Divai iko muzuri," akasema. "Ni weye njo hauko muzuri bado."

Akala kuku wake akamaliza, akashukuru vizuri, akaondoka bila kutoa jibu. Eish, ile wiki nilitengeneza friji ya mtu nikasahau kuirudishia mlango.

Ilibidi niende kwake Hillbrow Jumapili baada ya Jumapili, karibu miezi miwili. Namsaidia kupiga pasi nguo za wateja, tunaongea. Hakuwahi kuitaja ile chupa. Siku moja, hata hajainua macho kwenye cherehani, akasema, "Ambia bakubwa bako bakuje."

Sasa Furaha ni mke wangu. Anasema alicheka siku ile mpaka mbavu zikauma, halafu usiku akalia, kwa sababu alidhani nimempoteza kwa ajili ya lebo.

Nilichojifunza: kinachokupa raha ukiwa peke yako, mpe na mgeni wako hivyo hivyo. Akikikataa, amekikataa kwa haki. Na kabla hujajidai, soma lebo.

Wenye boksi zenu kwenye friji mjitokeze, msiniache peke yangu na aibu hii. Mnakunywa na nini? Na kama kuna mwenzangu aliyewahi kujikaanga mbele ya wakwe, atiririke hapa chini, nasoma zote.