Nilimzulia Marehemu Ulevi

Kosa ni langu, tena nililifanya na akili zangu timamu. Msinitafutie udhuru. Mimi ni wakili, udhuru najua kuutafuta mwenyewe.

Miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuitetea kampuni ya bima katika kesi za ulevi. Hoteli na kambi za watalii zenye ruhusa ya kuuza pombe zilikata bima kwetu. Mgeni akilewa pale, akaendesha gari na kuumiza watu, waliodai walinikuta mimi mlangoni. Nizwa, Ibra, Sur, miji yote hii ya Omani nimesimama kortini. Na nilikuwa hodari, loo!

Uhodari huo ulianzia Ibra, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Mgeni mmoja alilewa katika kambi ya mchangani, kule Bidiya, na wenye kambi wakampa ufunguo wa gari hivyo hivyo. Njiani akamvaa kijana aliyekuwa akija zake, upande wake wa barabara. Kijana huyo, Khalfan, alikuwa dereva wa kambi hiyo hiyo. Alifariki pale pale. Mama yake, nitamwita Bi Zuwena, akaishitaki kambi, na kambi ikatuletea sisi.

Nilikuwa na karatasi mbili. Ya polisi ilisema ndani ya gari la Khalfan mlikutwa makopo ya bia. Kweli yalikuwamo: makopo matupu ya wageni, ametumwa akayatupe. Ya pili, ya hospitali, ilisema damu ya kijana haina hata tone la pombe.

Nikaenda kwa Bi Zuwena, nyumbani kwake Ibra, na ile ya polisi. Ya hospitali niliiacha mkobani.

Nilivua viatu, nikamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamtajia mama yangu na mtaa wetu wa Unguja. Uso ukamfunguka. "Ewaa! Basi si mgeni, umekuja kwenu." Akaniletea halua na kahawa kwa mkono wake. Nami nikaila, wallahi!

Nilipomsomea karatasi aliweka kikombe chini. "Khalfan akinywa?"

Sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa tu, kisha nikasema, "Mama, kesi ikiendelea, hii itasomwa mbele ya watu. Na dada yake hajaolewa. Bora tumsitiri."

Mnajua neno hilo lilivyo kwetu. Kwa ajili ya sitara mtu hutoa kila kitu. Alitia sahihi ya kusamehe madai, kisha, ole wangu, akanishukuru! "Mungu akusitiri na wewe, mwanangu," alisema. Nilitoka nyumba ile mbio, viatu nimevivaa njiani.

Tangu siku hiyo nikawa na dawa yangu. Kila kesi ya ulevi nilikwenda kwanza nyumbani kwa wenyewe, nikala halua yao, nikataja sitara. Wengi waliacha madai. Wakubwa walifurahi, nikapandishwa cheo.

Lakini kutulia nikashindwa! Sahani ya wali sikuimaliza. Barazani nilikuwa mtu wa kuinuka kila dakika, hata mke wangu akaniuliza, "Una nini wewe? Una siafu mwilini?" Kila nikitoka Maskati, nikifika Bidbid pale njia ya Ibra inapoachana na ya Nizwa, nililiweka gari kando kwanza. Nikaanza kuwasukumia mawakili wadogo kesi zote za Ibra. Nizwa ndiko nilikokimbilia.

Na Nizwa ndiko nilikokamatwa! Baada ya miaka sita niliingia ofisi moja kutafuta mhuri, na karani akawa binti wa Bi Zuwena, dada wa marehemu, aliyeniona siku ile nyumbani kwao.

"Ami!" akasema kwa furaha. "Mama anakuombea dua kila siku, wallah."

Nikamuuliza hali. Akaniambia ameolewa, amezaa mtoto wa kiume, na alitaka kumwita Khalfan.

"Mama kakataa, khalas. Kasema jina la mlevi halirudi nyumbani kwake. Na yeye anafunga, ami, kila Jumatatu na Alkhamisi, Mungu amsamehe Khalfan pombe yake. Kwa funga hiyo watu Ibra wote washajua alikuwa mlevi."

Nilitoka bila mhuri.

Siku ya pili nilikuwa Ibra, karatasi ya hospitali mkononi. Nilimwambia Bi Zuwena yote, nikamsomea.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Hakulia. Heri angelia!

"Miaka sita namwombea mwanangu msamaha," alisema. "Sasa mimi nani ataniombea msamaha kwake?"

Nilitaka kumbusu mkono, akauvuta.

"Madai nimesamehe, sirudi nyuma. Lakini jina lake umelivunja wewe, lijenge wewe. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, simama uwasomee."

Nikasema inshallah. Ijumaa ikafika, nikaondoka asubuhi, na Bidbid nikageuza gari. Ijumaa ya pili nikageuza tena. Niliogopea kazi yangu, niliogopa wanangu waniite mwongo. Bi Zuwena yu hai, bado ananingoja, na mimi nazunguka nyumbani kwangu sijui nikae wapi.

Hata hapa najificha, mnaona wenyewe. Jina langu sikuliandika, la Bi Zuwena nimelibadilisha. La Khalfan tu ndilo la kweli, nimeliacha kusudi. Hakunywa! Kijana yule hakunywa!

Mawakili wadogo, mkikaribishwa kahawa kama watoto wa nyumba, msiinywe huku mmeficha kitu. Hamtatulia, nawaapia. Na nyinyi akina mama, mtu akiwajia kwa upole na karatasi moja, akiwahimiza mnyamaze kwa sababu ya aibu, msitie sahihi. Mwambieni afungue mkoba.