Mfalme wa Wagiriki Aliyeshukia Sokoni Bunda

Jamani, hii aibu nilikuwaga naificha, lakini kwa kuwa kijiji kizima cha Mugeta wanaisimulia, na wanaisimulia vibaya, bora niwaambie mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa historia hapa Musoma, na kwenye kikundi chetu cha maigizo ndiye niliyeleta ile hadithi ya Wagiriki wa kale, ya mfalme aliyekwenda vitani, vita ikaisha, halafu akashindwa kurudi kwake miaka na miaka, leo kapigwa na dhoruba, kesho kanaswa kisiwani na mwanamke (mke wangu, aliyeigiza malkia, alisema hakuna dhoruba ya muda huo, huyo bwana alikuwa anastarehe). Mwishoni anafika nyumbani kavaa matambara kama ombaomba ili asitambulike. Tukaalikwa kuigiza kwenye mahafali ya shule moja Butiama. Wenzangu walitangulia, mimi nikabaki kusimamia mtihani, na nilipoona nimechelewa nikaamua nivae yale matambara hapahapa nyumbani Iringo, nijipake na masizi ya sufuria, nikifika nipande jukwaani moja kwa moja. Simu nikaiacha mezani, maana matambara hayana mfuko.

Jirani yangu alikuwa anapeleka magunia ya chumvi Bunda kwa pikapu, mbele kumejaa, nikapanda nyuma, akaahidi kunishusha njia panda ya Butiama. Nikajilaza juu ya magunia, upepo ule na uchovu, nikapitiwa na usingizi, naye jirani akanisahau.

Niliamshwa na wapakuzi sokoni Bunda. Jirani alishaenda kula. Mama mmoja muuza viazi akaniuliza kwa upole, "Kaka, unatoka wapi?"

Hapo ningesema mimi ni mwalimu yakaisha. Lakini usingizi ulikuwa haujanitoka, na kichwani nilikuwa na maneno ya maigizo tu, nikajibu, "Mimi ni mfalme, natoka vitani, mke wangu ananisubiri."

Yule mama akanipa kiazi. Kisha akawaita wenzake wa kwaya, wakaniwekea mikono kichwani, wakaanza kuniombea, na kila nikijaribu kueleza habari za Wagiriki wanaongeza sauti. Watu wakajaa. Nikainuka kwa hasira niondoke, tambara likanasa kwenye msumari wa meza ya viazi, likabaki palepale (nilikuwa na bukta ndani, Mungu ni mwema, ila ilikuwa ya zamani sana).

Ndipo nikasikia sauti ninayoijua. "Jamani, huyo mkwe wangu."

Mama mkwe, katoka Mugeta kuuza choroko, mtu ambaye tangu nioe, kwa heshima, hatujawahi hata kushikana mikono. Akageuza uso, akanirushia kitenge chake cha juu, akauliza huku anatazama ukuta, "Baba Neema, imeanza lini?"

"Mama, ni maigizo."

"Ndiyo, baba, ni maigizo," akasema taratibu. Akamgeukia mama wa viazi. "Endeleeni kuomba."

Akampigia mke wangu, ambaye ilibidi aje Bunda maigizo yalipoisha tu, bado kavaa gauni lake la kimalkia; nafasi yangu kule Butiama alikuwa kapewa mlinzi wa shule, ambaye nasikia alishangiliwa mno. Mke wangu alimweleza mama yake yote, kwa kilugha, mara mbili, na mama akaitikia kila neno.

Nimeapa, vazi la maigizo sitalivaa tena kabla sijaliona jukwaa kwa macho yangu. Ila tukienda kumsalimia mama mkwe kule Mugeta, wengine wote wanawekewa sahani za udongo, yangu inakuja ya plastiki, na nyama imeshakatwakatwa.